Kasi ya Risasi Inapompata Mnyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wawindaji wa Lindi na Mtwara

Maswali haya huulizwa na wenye vibali vya kuwinda, askari wa wanyamapori wa vijiji na wasindikizaji wa wageni katika vitalu vya Liwale, Kilwa, Nachingwea na Nanyumbu. Majibu ni ya risasi tu. Habari za leseni, msimu na ada ziulizwe TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Kasi zote hapa ni za mita kwa sekunde, kwa hiyo "kugonga kwa mita 500" ni kasi, si umbali. Boksi lako likiwa limeandikwa futi kwa sekunde, zidisha kwa 0.305. Uzito umetajwa kwa greni kwa sababu ndivyo maboksi yanavyokuja, greni 15.4 ni gramu moja.

## Mambo ya msingi

1. Kasi ya kugonga ni ipi? Si ile iliyoandikwa kwenye boksi?

Siyo. Ile ya kwenye boksi ni kasi ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, tena mara nyingi imepimwa kwa mtutu mrefu wa sentimita 61. Kasi ya kugonga ni ile iliyobaki risasi inapofika kwenye ngozi ya mnyama. Hewa huanza kuipunguza risasi tangu inapotoka, na kadiri kichwa chake kilivyo butu ndivyo inavyopungua haraka.

Mnyama haijui kasi ya boksi. Anachokipata ni ile ya kugonga, na ndiyo inayoamua kama kichwa cha risasi kitachanua vizuri, kitapita kama msumari, au kitasambaratika juujuu.

2. Kwa nini risasi ya ncha laini ichanue kwa kasi hii na isichanue kwa kasi ile?

Piga maji ya bahari kwa kiganja taratibu, mkono unazama. Upige kwa nguvu, maji yanakuwa magumu na kiganja kinawaka. Mwili wa mnyama, ambao sehemu kubwa ni maji, unaifanyia risasi vivyo hivyo. Shinikizo linaloisukuma ncha ya risasi kurudi nyuma hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: risasi iliyogonga kwa mita 500 hupata takriban nusu tu ya shinikizo la ile iliyogonga kwa mita 700.

Shinikizo hilo ndilo linaloviringisha koti la shaba na kiini laini cha madini ya risasi kurudi nyuma hadi kichwa kinakuwa kama uyoga. Likiwa dogo mno, ncha haifunguki. Likiwa kubwa kuliko koti linavyoweza kuhimili, koti linachanika na kiini kinamwagika vipande vipande kabla ya kufika kwenye mapafu.

3. Basi kuna kasi ya chini na ya juu ninayopaswa kuijua?

Ipo, na hutegemea zaidi ujenzi wa kichwa kuliko kaliba, yaani upana wa risasi. Risasi ya kawaida, yenye koti la shaba na kiini laini, huanza kuchanua kwa kuaminika kwenye mita 550 hivi na huanza kuvunjika ikizidi mita 850, mapema zaidi ikikuta mfupa. Ile ambayo kiini chake kimeunganishwa na koti, au iliyotengwa vyumba viwili kama Nosler Partition ya mwaka 1948, ina sakafu hiyohiyo ya mita 550 lakini dari yake ni ya juu zaidi. Risasi ya shaba tupu haisambaratiki kirahisi hata ikienda mbio, ila inahitaji mita 600 au zaidi ili ifunguke.

Siku hizi kuna na za masafa marefu, zenye koti jembamba linalofunguka hata kwa mita 400. Zimetengenezwa kwa ajili ya tambarare na milima ya ng'ambo. Kwa nini sizipendi huku kwetu, soma swali la 11.

4. Nitajuaje kasi iliyobaki bila mashine ya kupimia?

Maboksi mengi yana jedwali ubavuni. Kama limefutika, haya ni makadirio ya risasi za kiwandani za kawaida. Kichwa kilichochongoka zaidi kitatunza kasi kuliko hivi.

| Kaliba na greni | Mdomoni | Mita 100 | Mita 200 |
|---|---|---|---|
| .243 Winchester, 100 | 900 | 815 | 730 |
| .308 Winchester, 180 | 800 | 725 | 650 |
| .30-06, 180 | 820 | 750 | 675 |
| .300 Winchester Magnum, 180 | 900 | 830 | 765 |
| .375 H&H, 300 | 770 | 685 | 605 |
| .458 Winchester Magnum, 500 | 650 | 575 | 510 |

Angalia safu ya mita 100 halafu rudi swali la 3. Hakuna hata moja iliyoshuka chini ya mita 550. Hofu ya "risasi itafika imechoka" ndiyo ninayoulizwa zaidi, na kwa umbali wa kawaida wa kuwinda mkoani Lindi haina msingi. Balaa letu ni kinyume chake.

## Kaliba kwa kaliba

5. Kaliba kubwa inahitaji kasi kubwa zaidi ili iue?

Hapana, mara nyingi inahitaji ndogo. Risasi ya .458 ina upana wa milimita 11.6 kabla haijachanua hata kidogo, upana ambao .243 inaufikia ikiwa imeshachanua. Kaliba ndogo hukopa upana kutoka kwenye kasi. Kaliba kubwa inao tayari. Ndiyo maana .404 Jeffery, iliyotumiwa na idara za wanyamapori za Afrika Mashariki tangu enzi za Tanganyika, ilifanya kazi yake kwenye mita 650 tu mdomoni, na hakuna aliyeilalamikia.

6. .243 inatosha kwa nguruwe pori wanaomaliza mihogo?

Kwa nguruwe pori, pongo au swala pala, inatosha ikiwa kichwa ni kizito, greni 100, na ujenzi wake ni imara. Ukiwa mita 30 kandokando ya shamba, risasi hii inagonga kwa takriban mita 875. Greni 100 ya koti jembamba kwa kasi hiyo, ikikuta ngao ya bega la dume, inaweza kuacha kidonda kipana cha juujuu, na nguruwe akaingia kichakani akiwa hai. Zile nyepesi za greni 55 hadi 70 ni za wanyama wadogo. Usizilete kwa nguruwe kabisa.

Kumbuka pia kwamba kumfuata nguruwe aliyejeruhiwa usiku huku kwetu si jambo la mzaha. Nguruwe pori ndio wanaowavuta simba mashambani, na Lindi ni miongoni mwa maeneo yaliyopoteza watu wengi kwa simba tangu miaka ya 1990.

7. Nina .30-06 ya marehemu baba. Nichukue greni 150, 180 au 220?

Swali zuri kuliko yote, maana hapa bunduki ni ileile na kinachobadilika ni kasi na uzito tu.

Greni 150 hutoka kwa mita 890 hivi. Porini, mnyama akiwa mita 40, inagonga karibu na mita 860, yaani juu ya dari ya risasi ya kawaida. Kwa swala pala aliyesimama ubavu, itamwangusha palepale na utaisifu. Siku utakayompiga kuro au palahala akiwa ameelekea upande, risasi ikaanzia kwenye mfupa wa bega, sifa zitaisha.

Greni 180 hutoka kwa mita 820 na mpaka mita 40 imeshuka hadi 790 hivi. Hii ni kasi ambayo risasi ya kawaida inaivumilia na ile iliyounganishwa kiini inaifurahia. Kwa mwindaji mwenye boksi moja tu la msimu mzima, ningemshauri hii bila kusita.

Greni 220, kichwa butu, hutoka kwa mita 735 tu. Vijana huidharau kwa sababu karatasini inaonekana mzee. Lakini kwa umbali usiozidi mita 120, inagonga kati ya mita 630 na 720, katikati kabisa ya eneo ambalo kichwa cha kawaida kinachanua bila kuvunjika, na urefu wake unakizamisha mbali ndani. Kwa pofu, ambaye dume lake hupita kilo 600, ningeichagua hii au ya 180 iliyounganishwa kiini. Baba yako huenda alikuwa na sababu kama alikuachia maboksi ya 220.

Mwenye .308 asome yote hayo na kupunguza kidogo: iko nyuma ya .30-06 kwa mita 20 hadi 30, tofauti ambayo mnyama haioni. Tahadhari moja tu: ukitumia shaba tupu kwenye .308, chukua nyepesi ya greni 150 au 165 badala ya 180, kwa sababu ile ya 180 ikifika mita 200 inakaribia sakafu yake ya mita 600.

8. Ni kweli .300 Magnum inaharibu nyama?

Kinachoharibu nyama ni kasi ya kugonga ikichanganyika na koti jembamba. .300 yenye shaba tupu ikipita nyuma ya bega inaweza kuharibu nyama chache kuliko .243 iliyosambaratika kwenye mfupa. Lakini ukinunua risasi ya bei rahisi ya .300 na kumpiga mnyama mita 40, imegonga kwa mita 870, na bega lile utawapa mbwa. Mengine yapo swali la 15.

9. Kwa nini kwa nyati iwe .375 kwenda juu? .300 ina kasi zaidi.

Kwanza ni sheria: kwa nyati na tembo, kaliba ya chini nchini ni .375. Pili, sheria hii ina mantiki. .375 H&H ya mwaka 1912 inabeba greni 300, gramu 19.4, dhidi ya gramu 11.7 za .300. Risasi ya mbio inapochanua inajifunga breki yenyewe: uso umekuwa mpana, uzito ni mdogo, inasimama mapema. Nyati ana ngozi nene, misuli mizito na mbavu pana zinazokaribiana. Risasi nzito inayogonga kwa mita 730 huendelea kusukuma pale nyepesi iliyogonga kwa 870 ilipokwishasimama.

Wengi huanza na ncha laini iliyounganishwa kiini, kisha hufuatisha risasi ngumu, ile wanayoiita solidi, nyati akigeuza mgongo. Akiwa katikati ya kundi usimpige kwa solidi, kwa sababu inamtoboa na kumjeruhi wa nyuma yake, na huyo utamjua siku ya pili atakapokuwa anakungoja kwenye majani.

10. Risasi ngumu ikienda mbio zaidi inazama zaidi?

Hadi kiwango fulani, ndiyo, kwa kuwa haichanui na hivyo haijifungi breki. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa na ncha laini: ncha laini ikiongezewa kasi inaweza kuzama kidogo zaidi au hata kuzama pungufu, solidi ikiongezewa kasi huzama zaidi mpaka pale itakapopinda au kupoteza mwelekeo. Umbo la ncha nalo lina neno. Ncha bapa hushika njia iliyonyooka kuliko ncha ya mviringo.

Mfano unaopendwa ni wa Walter Bell, Mskoti aliyeua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa kaliba ndogo ya 7×57 yenye solidi ya greni 173 iliyotoka kwa mita 700 hivi. Risasi ndefu, nyembamba, isiyopinda, kwa kasi ya wastani. Wanaomtaja husahau kusema kwamba alijua fuvu la tembo kwa pembe zote. Leo ukimwiga unavunja sheria na unahatarisha wafuatiliaji wako.

Mfano wa upande wa pili ni .458 ya mwaka 1956. Katika miaka yake ya mwanzo, baruti iliyoshindiliwa ndani ya ganda fupi iliweza kugandamana ikikaa kwenye joto, kasi ikashuka chini ya iliyoahidiwa, na solidi zikashindwa kufika zilikotakiwa. Solidi nayo ina sakafu yake.

## Pori letu

11. Kwenye miombo ya Liwale mnyama hutokea mita 40. Nichague vipi?

Anza na umbali, ndipo uje kwenye risasi. Kabla majani hayajaungua, hata mita 40 ni nyingi. Unaona sikio, pembe, kipande cha bega. Kwa umbali huo kila bunduki ya kisasa inagonga kwa kasi inayokaribia ile ya mdomoni. Kwa hiyo tafuta kichwa kinachoimudu hiyo kasi: kizito kwa kaliba yake, kilichounganishwa kiini au shaba tupu. Uzuri wa ncha ya plastiki na umbo la kukata upepo haukupi chochote hapa.

Risasi za masafa marefu nilizozitaja swali la 3 ndizo zinazoletwa na wageni wengi siku hizi, maana wamezoea kulenga mita 400. Koti linalokubali kufunguka kwa mita 400 kwa sekunde, ukiligongesha kwenye bega la palahala kwa 850, linamwagika. Msindikizaji, muulize mgeni wako ameleta risasi gani siku ya kuzeroi (kurekebisha darubini ilingane na risasi inapogonga), pale kambini. Usingoje mpaka damu ipotee.

12. Risasi nzito na taratibu hupita vichakani bila kupinda?

Hakuna inayopita. Kitawi kinaweza kuihamisha yoyote, na kilicho mbali na mnyama ni kibaya kuliko kinachomgusa. Nzito na butu huathirika kidogo pungufu, lakini usipige kwa kuitegemea. Subiri upenyo.

13. Joto letu linabadilisha kasi?

Ndiyo. Baruti ikipata joto huwaka kwa nguvu zaidi, shinikizo na kasi vinapanda. Kwa mnyama wa mita 60 hutaona tofauti. Tatizo ni boksi lililoachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser mchana kutwa: shinikizo linaweza kupanda hadi ganda likakwama chemba, na risasi ya pili ikawa haipo unapoihitaji. Zibebe kivulini. Unyevu wa pwani, Kilwa hadi Mikindani, hauna neno na kasi ya risasi iliyofungwa vizuri. Shughuli yake ni kutu kwenye mtutu.

14. Na gobore, au shotgani yenye risasi moja?

Gobore hurusha kipande cha mviringo kinachopoteza kasi upesi mno. Shotgani ya kaliba 12 hurusha kipande cha gramu 28 kwa takriban mita 475, na ikifika mita 100 imebaki karibu 300. Zote mbili haziutegemei mchanuo. Zinategemea upana na uzito. Kwa hiyo swali la kasi kwake ni moja tu, kama inatosha kupenya, na jibu ni ndiyo kwa umbali wa mita 40 au 50 kwa mnyama wa ukubwa wa nguruwe. Marisau, zile chembe nyingi ndogo za shotgani, ni ya kanga na kwale.

## Nyama

15. Nikate kiasi gani cha nyama iliyovilia damu?

Kasi kubwa hufungua uwazi wa muda kuzunguka njia ya risasi, misuli inanyooka na kurudi, mishipa midogo inapasuka, damu inavilia mbali na tundu. Kata yote iliyokuwa nyeusi au yenye utelezi wa damu, hilo kila mchinjaji analijua.

Lisilojulikana sana ni vipande vya madini ya risasi. Kichwa cha kawaida kikigonga kwa kasi kubwa hutawanya chembe ndogo ambazo jicho halizioni, na zimewahi kukutwa zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye tundu. Madini haya ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Kata kwa upana, usiioshe nyama ya jeraha kwa maji ukidhani umeisafisha (unazisambaza), na usiisage. Anayepeleka nyama bucha la nyamapori lenye kibali ana sababu nzuri ya kutumia shaba tupu.

## Maswali ya ubishi

16. Risasi imetoka upande wa pili na mnyama kakimbia. Imeshindwa kuchanua?

Si lazima. Mnyama aliyepasuliwa mapafu yote mawili anaweza kukimbia makumi ya mita kabla ya kuanguka. Angalia damu: nyekundu yenye mapovu kwenye majani pande zote mbili ni habari njema. Tundu dogo la kutokea lenye damu kidogo na nyeusi ndilo la kutilia shaka, na hapo mara nyingi kosa liko mahali ilipopigwa kabla ya kuwa la risasi.

17. Wengine wanasema tuangalie nishati kwa jouli, siyo kasi.

Nishati ni kasi hiyohiyo ikiwa imechanganywa na uzito, na haikuambii kichwa kitafanya nini. .243 mdomoni ina jouli 2,600 hivi; .30-06 ya greni 180 ikifika mita 200 ina takriban 2,650. Nani angesema ni sawa kwa pofu?

Na ile habari ya risasi "kumrusha" mnyama haiwezekani. Risasi ya .30-06 ya mita 100, nguvu yake yote ikisukuma palahala wa kilo 220, ingemsogeza kwa sentimita 4 kwa sekunde. Anayeanguka palepale ameguswa mfumo wa fahamu.

18. Naweza kutumia risasi ya kijeshi yenye koti kamili?

Hapana. Haichanui kwa kasi yoyote ya kuaminika, inaweza kupinduka ndani ya mwili au kupita bila kufanya lolote, na mnyama akafia mbali. Haina unene wa koti wa solidi ya kuwindia, kwa hiyo hata kwa kazi ya solidi haifai. Bunduki za kijeshi za kujiendesha haziruhusiwi kuwindia kabisa.

19. Nimebadilisha kutoka greni 150 kwenda 220. Lazima nizeroi upya?

Lazima. Kasi imeshuka kwa zaidi ya mita 150, na risasi itaangukia chini, pengine hata kando. Piga tatu kwa mita 50 ukiwa umeegemeza vizuri, rekebisha darubini, rudia kwa mita 100. Halafu maboksi ya 150 yaliyobaki yatoe kwenye mkoba kabisa, kwa sababu ukizichanganya usiku kwa tochi hutazitofautisha.